Toa, Usiongeze: Maoni Yangu Kuhusu Orodha za SSH

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu kidogo, nizungumzie ugonjwa uliotuingia sisi tunaotunza seva na ruta huku Eastlands. Ugonjwa wenyewe ni kunakili. Mtu anasoma mahali kwamba SSH yake ni dhaifu, anapata orodha ndefu ya majina kama chacha20-poly1305 na hmac-sha2-512, anaibandika kwenye faili la mipangilio, anaiwasha huduma upya, na kuanzia siku hiyo analala usingizi wa pono. Miaka kumi baadaye orodha ni ile ile, na ukimuuliza kila jina linafanya kazi gani anakwambia, "Hiyo ni ya usalama tu."

Msimamo wangu nautaja mapema, ili mwenye haraka aondoke nao. Usiandike orodha yako mwenyewe ya algoriti za SSH. Sasisha programu, acha orodha ya watengenezaji ifanye kazi yake, na kama kuna kitu hukitaki, kiondoe hicho peke yake. Ukilazimika kuongeza kitu cha zamani, kiongeze kwa mashine moja yenye jina, si kwa dunia nzima. Najua wako wataalamu watakaonipinga. Wanisikilize kwanza.

Kwa nini jambo hili ni letu

Pita Umoja, Kayole, Pipeline, Dandora au Kariobangi kisha uangalie juu. Nyaya za intaneti zimetoka ploti hii zikaingia ile, zimefungwa kwenye nguzo, zimepita juu ya kamba za kuanikia nguo. Nyingi si za kampuni kubwa. Ni za vijana wawili watatu walionunua laini moja nzito wakaigawia majirani, wanalipwa kwa M-Pesa kila wiki au kila mwezi. Nawapongeza. Bila wao, nyumba nyingi huku zingeendelea kununua bando za simu.

Sasa, kijana anayetunza ruta hizo haishi pale zilipo. Laini ikikatika anaingia kwa SSH, mara nyingi kwa simu, akiwa ndani ya matatu kwenye Jogoo Road. Nyuma ya mlango huo mmoja kuna majina ya wateja, namba zao za simu, rekodi za malipo, na jambo kubwa zaidi: uwezo wa kuamua mteja akiandika anwani ya benki yake apelekwe wapi. Atakayeushika mlango huo ameshika ploti nzima.

Na sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamdai anayeshika data za watu achukue hatua za kuzilinda, na usimbaji umetajwa humo. Mama mboga aliyekupa namba yake ya simu ili umuunganishie intaneti ana haki ile ile aliyo nayo mteja wa kampuni kubwa ya Westlands.

Siri na muhuri

Watu wengi wakisikia "usalama" wanafikiria siri tu: mtu wa katikati asisome. Lakini SSH inafanya kazi mbili, na ya pili ndiyo inayosahaulika.

Chukua mfano wa furushi linalotumwa kwa basi kutoka Kakamega hadi steji ya Country Bus. Karatasi iliyolifunika inazuia watu kuona kilichomo. Hiyo ni siri, yaani usimbaji, na kwenye faili la mipangilio inaitwa Ciphers. Utepe na sahihi juu yake vinakuonyesha kama mtu alilifungua njiani. Huo ni muhuri, na kwenye faili unaitwa MACs. Tena kama umetumiwa mafurushi kumi, yamepigwa namba moja hadi kumi, ili ukikosa la tatu ujue. Kabla ya hayo yote, aliyetuma na anayepokea walikubaliana sahihi itakuwaje. Makubaliano hayo yanaitwa KexAlgorithms.

Kila unapoingia, pande mbili zinaonyeshana orodha zao. Kinachochaguliwa ni cha kwanza katika orodha ya anayeingia ambacho seva nayo inakijua. Kwa hiyo ukitumia saa nzima kupanga seva yako kwa ustadi, lakini programu iliyo kwenye simu yako ni kuukuu, mpangilio wa simu ndio unaotangulia. Seva inaweza tu kukataa.

Algoriti mbili za kisasa, AES-GCM na ChaCha20-Poly1305, zinabeba siri na muhuri pamoja. Ukizitumia, mstari wa MACs hauna kazi kabisa. Nimekutana na watu wanaogombania mpangilio wa MACs ilhali miunganisho yao yote inatumia ChaCha20. Wanapaka rangi mlango ambao hakuna anayepitia.

Historia inasema nini

SSH iliandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, baada ya mtu kutegesha kinasa cha nywila kwenye mtandao wa chuo. Hitaji lilikuwa siri, na siri ilipatikana. Lakini toleo hilo la kwanza lilitumia CRC-32 kama muhuri. CRC-32 ni hesabu ya kugundua kelele kwenye waya. Haikuundwa kumzuia mtu mwenye nia mbaya. Mwaka 1998 watafiti wa CORE SDI, Argentina, walionyesha kwamba mtu wa katikati anaweza kuchomeka data zake ndani ya mawasiliano bila kujua ufunguo. Programu zikabandikwa kiraka cha kugundua shambulizi hilo. Mwaka 2001 ikagundulika kwamba kiraka chenyewe kina kasoro inayomruhusu mtu kuingia kwenye mashine. Wapenzi wa sinema wanaikumbuka: ndiyo Trinity aliyoitumia katika The Matrix Reloaded ya mwaka 2003.

Toleo la pili lilisanifishwa rasmi mwaka 2006, likiwa na muhuri wa kweli. Mwaka 2008 watafiti wa Royal Holloway, London, wakaonyesha kwamba kwa algoriti za aina ya CBC mtu anaweza, kwa bahati ndogo sana, kupata vipande vya maandishi yaliyofichwa. Chanzo kilikuwa nini? Pakiti ilikuwa inafunguliwa, urefu wake unasomwa na kufuatwa, ndipo muhuri unakaguliwa. Ni sawa na kumruhusu mgeni apande hadi ghorofa ya nne ndipo soja amuulize kitambulisho.

Kisha Desemba 2023 ikaja Terrapin, kutoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani. Rudi kwenye mafurushi yetu. Mshambuliaji hafungui furushi lolote. Mwanzoni kabisa, wakati mihuri haijaanza kutumika, anachomeka furushi moja la bure, hesabu ya mpokeaji inaongezeka kwa moja. Baadaye analificha furushi la kwanza lenye muhuri. Ukihesabu, namba zinalingana. Hakuna anayejua kitu kimekosekana. Kwa njia hiyo anaweza kuzima baadhi ya kinga ambazo pande mbili zingekubaliana. Waliokuwa hatarini ni wanaotumia ChaCha20-Poly1305, na wale wa CBC pamoja na muhuri wa aina ya EtM.

Tazama mfululizo huo. Katika visa vyote vitatu hakuna aliyevunja hesabu ya usimbaji wenyewe. Kilichovunjika ni muhuri, au wakati wa kuukagua, au namba za mafurushi. Sasa yule ndugu aliyebandika orodha mwaka 2015, akiwa ameweka ChaCha20 mstari wa mbele kama miongozo mingi ilivyoshauri, orodha yake ilimsaidia nini mwaka 2023? Haikumsaidia. Dawa ya Terrapin ilikuja ndani ya OpenSSH 9.6, na inafanya kazi pande zote mbili zikiwa zimesasishwa.

Mtu wa katikati anaishi ngazini

Kuna hoja nimeisikia mara nyingi: mashambulizi haya yanahitaji mtu akae katikati ya waya, na hilo ni gumu. Huko kwao labda. Kwenye mji ambao nyaya zinapita chini ya lami na vifaa viko kwenye chumba chenye kamera, nakubali.

Lakini huku kwetu swichi iko kwenye kisanduku cha bati, ghorofa ya pili, kwenye ngazi inayopitwa na kila mtu, imefungwa kwa kufuli ambayo mtoto wa darasa la sita anaifungua kwa waya. Wakati mwingine kufuli yenyewe haipo. Mtu wa kukaa katikati hahitaji shahada. Anahitaji kifaa kidogo, waya wa mita moja na dakika tano za stima kupotea, wakati kila mtu yuko ndani akitafuta mshumaa. Ndiyo maana nasema sisi wa Eastlands tunahitaji muhuri kuliko wale walioandika ile miongozo.

Madhara ya orodha ya kubandika

La kwanza, inakugandisha. Mwezi wa nne mwaka 2022, OpenSSH 9.0 ilianza kutumia kama chaguo la kwanza makubaliano ya ufunguo yanayostahimili kompyuta za kwantamu, yaani sntrup761. Mwaka 2025 toleo la 10.0 likahamia mlkem768. Lengo ni kumzuia anayerekodi mawasiliano leo ili ayafungue baada ya miaka mingi. Aliyeacha mpangilio wa watengenezaji alipata ulinzi huo siku aliyosasisha, bila kugusa kitu. Aliyebandika mstari wa KexAlgorithms wa mwaka 2015 hana, na kuanzia toleo la 10.1 la Oktoba 2025 programu inamwonya kila anapoingia. Amejifungia nje ya ulinzi kwa jina la ulinzi.

La pili, inawaletea watu mateso ya bure. Kijana anafuta kila kitu isipokuwa AES-256 kwa kuamini kwamba namba kubwa ni bora. AES-128 haijavunjwa na mtu yeyote. Isitoshe, baadhi ya simu za bei nafuu na ruta ndogo nyingi hazina maagizo ya AES ndani ya kichakataji, na humo ChaCha20 ndiyo nyepesi. Unaondoa kitu kinachofaa kwenye vifaa tulivyo navyo, ili upendeze kwenye jedwali la mtu mwenye mashine kubwa.

La tatu ndilo linalonikera zaidi. Kuna ruta kuukuu ya mkono wa pili pale juu ya paa, haijui kitu kipya. Fundi anakataliwa kuingia, anatafuta jibu, anapata, na anaandika hivi kwenye kompyuta yake:

Host *
    KexAlgorithms +diffie-hellman-group1-sha1
    HostKeyAlgorithms +ssh-rsa
    Ciphers +aes128-cbc

Ile nyota ina maana ya "kila mahali". Kwa ajili ya ruta moja ya Kayole, amekubali makubaliano dhaifu na kila seva duniani, pamoja na ile yenye rekodi za malipo. Hiyo group1 inatumia namba tasa ya biti 1024. Mwaka 2015 watafiti wa Logjam walionyesha kwamba ukubwa huo uko ndani ya uwezo wa serikali yenye pesa, na OpenSSH ikaizima mwaka huo huo. Iliondolewa kwa sababu. Hii hapa njia ya adabu:

Host ruta-ya-paa
    HostName 10.10.0.7
    KexAlgorithms +diffie-hellman-group1-sha1
    HostKeyAlgorithms +ssh-rsa
    Ciphers +aes128-cbc

Weka sehemu hii juu ya ile ya Host *, kwa sababu programu inachukua thamani ya kwanza inayoikuta. Udhaifu sasa una jina na anwani. Siku ukipata pesa za kununua ruta nyingine, unajua mistari ya kufuta. Na wakati unangoja pesa, usiingie kwenye ruta hiyo moja kwa moja kutoka intaneti. Pitia kwanza kwenye mashine mpya iliyo ndani ya mtandao wako.

Basi tufanye nini

Kama kuna kitu hukitaki, tumia alama ya kutoa. Kwa mfano, muhuri wa hmac-sha1 bado umo kwenye orodha ya OpenSSH. Haujavunjwa kwa namna inayodhuru kazi hii. Mgongano wa SHA-1 ulioonyeshwa mwaka 2017 unahusu sahihi, si muhuri wa HMAC. Lakini kama huna kifaa kinachouhitaji, uondoe:

MACs -hmac-sha1*

Mstari mmoja tu. Ya kesho yakija, yanaingia yenyewe. Kama upande wa pili ni kifaa ambacho hakiwezi kusasishwa dhidi ya Terrapin, toa ChaCha20 na CBC kwa muda ubaki na AES-GCM au CTR. Kwenye MikroTik, ambazo zimejaa huku, washa ile ya strong-crypto iliyo chini ya /ip ssh, usijisumbue na mengine.

Kisha kagua kwa macho yako. Amri ya sshd -T inakuonyesha mipangilio inayotumika kweli, si ile unayodhani uliandika. Amri ya ssh -vv inakuonyesha kilichochaguliwa unapoingia. Ukiona MAC imeandikwa "implicit", maana yake siri na muhuri viko pamoja. Na kabla ya kuwasha huduma upya endesha sshd -t, ukiacha dirisha la kwanza wazi. Usipowasha huduma upya, kosa la herufi moja halitaonekana leo. Litaonekana stima ikipotea na kurudi, mashine iwake, sshd ikatae, na wewe upande ngazi za ghorofa saba usiku.

Hata hivyo, tuwe wakweli kuhusu mpangilio wa mambo. Mlango wa 22 ulio wazi kwa dunia nzima na nywila ya "admin123" hautaokolewa na algoriti yoyote. Mwizi ataingia kwa usimbaji bora kabisa, na muhuri safi. Tumia funguo, zima nywila, punguza mahali pa kuingilia. Na lile swali la alama ya utambulisho wa seva ambalo sote tunajibu "yes" bila kusoma, lisome. Muhuri unakuhakikishia kwamba hakuna aliyeingilia mazungumzo yako na uliyeanza kuzungumza naye. Kama uliyeanza kuzungumza naye ni yule wa kwenye ngazi, muhuri utamlinda yeye.

Kwa wanaonipinga

Hoja yao nzito ni hii: mpangilio wa watengenezaji unachelewa, kwa sababu wanaogopa kuwakata watumiaji wa zamani. Ni kweli. OpenSSH ilibadilisha mpangilio wa CBC mwaka 2009, lakini haikuziondoa kwenye orodha ya kawaida ya seva hadi mwaka 2014. Benki yenye kikosi cha usalama inaweza kuandika orodha yake, kwa sababu ina mtu ambaye kazi yake ni kuirudia kila baada ya miezi kadhaa. Kama unaye mtu huyo, andika orodha, weka tarehe juu yake na jina la atakayeikagua.

Sisi wengi hatuna mtu huyo. Kijana anayetunza ruta ndiye anayevuta nyaya, ndiye anayepokea simu za wateja, ndiye anayefuatilia malipo. Hatarudi kwenye faili lile. Kwa mtu kama huyo, na ndio wanaoishikilia intaneti ya mitaa yetu, orodha fupi anayoielewa ina thamani kuliko ndefu aliyoiokota. Kila neno unaloliandika kwenye faili ni neno ulilojitwika kulitunza.

Kwa hiyo leo jioni, kabla hujalala, fungua faili lako uhesabu majina. Lolote usiloweza kulieleza kwa sentensi moja, lifute, sasisha programu, halafu endesha sshd -t.

Haya, mwenye hoja tofauti ailete, tubishane kwa adabu.